Reli ya Kati Haikuuawa na Mgomo

Manyoni na Itigi, mkoani Singida, ni miji iliyolelewa na reli. Wajerumani walipoisogeza Reli ya Kati kutoka Dodoma hadi Tabora, ambako ilifika mwaka 1912, walipita Kintinku, wakaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda, kisha wakaikata nyika ya Manyoni na Itigi. Kila stesheni ilivuta soko, maduka, shule na familia zilizorithishana kazi ya reli kutoka baba hadi mwana. Kwa hiyo huku Singida, kuuliza nani aliiangusha reli ni kugusa heshima ya watu tunaowafahamu. Mzee aliyefanya kazi ya genge miaka na miaka, akibadilisha mataruma juani na kuitembea njia kwa miguu usiku wa mvua, leo anaambiwa kijiweni kwamba yeye na chama chake ndio walioiua reli kwa migomo.

Maneno hayo yamepata nguvu mpya kwa sababu reli ya kisasa, SGR, inakuja. Treni za umeme zimeanza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na kipande kinachotoka Morogoro kinaishia Makutupora, ndani ya Wilaya ya Manyoni, ambako kinaanzia kipande cha kuelekea Tabora. Wapo wanaosema wazi kwamba ili reli hii mpya isife kama ile ya zamani, wafanyakazi wanyimwe nafasi ya kudai chochote. Ushauri huo ni wa hatari, kwa kuwa umejengwa juu ya historia isiyo ya kweli. Nitazijibu hoja zake moja baada ya nyingine.

Kwanza mtiririko wa mambo, kwa ufupi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli liligawanyika na Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania, TRC. Oktoba 2007 shughuli za uendeshaji zilikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba haukufika hata miaka minne: mwaka 2011 Serikali ilizichukua tena hisa zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 reli hii ilikuwa ikibeba zaidi ya tani milioni moja za mizigo kwa mwaka. Kufikia mwaka 2012 ilikuwa haifikishi hata tani laki tatu. Huo ndio mwanguko tunaobishania.

Hoja ya kwanza: "Migomo ndiyo iliyoiua reli."

Ni kweli wafanyakazi wa TRL waligoma. Kati ya mwaka 2008 na 2009 treni zilisimama zaidi ya mara moja, abiria wakakwama stesheni, na Chama cha Wafanyakazi wa Reli Tanzania, TRAWU, kikawa kwenye kurasa za mbele za magazeti. Mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo ndani ya behewa lililolala alipata hasara, na hasara hiyo haifutiki kwa maelezo.

Lakini tutazame tarehe. Mizigo ilianza kupungua kabla RITES hawajaingia, na kabla ya migomo hiyo. TRC iliwekwa kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa tangu miaka ya 1990, na kwa muda wote huo wa kusubiri mwekezaji hakuna aliyetaka kuweka fedha za maana kwenye injini na njia. Vichwa vya treni vilizeeka, vipuri vikaadimika, na kichwa kilichokufa kikawa kinachinjwa ili vipuri vyake vikifufue kingine. Wenye mizigo waliliona hilo na wakaanza kuhamia kwenye malori. Mgomo wa mwaka 2008 hauwezi kuwa chanzo cha anguko lililokwishaanza miaka kadhaa nyuma.

Turudi nyuma zaidi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, Serikali ilivunja shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi na kuunda NUTA, chama kimoja kilichofungamanishwa na TANU. Mwaka 1967 ikaja sheria ya Mahakama ya Kudumu ya Kazi, ambayo ilifanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. NUTA ikageuka JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Katika miaka ya 1970 na 1980 hapakuwa na chama huru cha wafanyakazi wa reli chenye ubavu wa kusimamisha treni, na bado miaka hiyohiyo ndiyo abiria wa Itigi walipozoea kulala stesheni wakisubiri treni isiyojulikana itafika lini. Iwapo migomo ndiyo ugonjwa, mbona mgonjwa alidhoofu hata alipokuwa amezuiwa kugoma?

Hoja ya pili: "Mishahara ilizidi uwezo wa kampuni."

Hoja hii ina nguvu kwa sababu ndani yake mna ukweli. Kampuni ilifika mahali ikashindwa kulipa mishahara, na Serikali ikalazimika kutoa fedha za umma ili watu walipwe. Mtu akisikia hivyo anaamua kwamba mishahara ilikuwa mikubwa mno.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Kampuni inaingiza shilingi bilioni 6 kwa mwezi na kulipa mishahara bilioni 2. Mishahara inakula theluthi ya mapato, na kampuni inapumua. Sasa mizigo ipungue hadi mapato yawe bilioni 2. Mishahara sasa inameza kila senti, ingawa hakuna mfanyakazi aliyeongezwa hata shilingi moja. Meneja atasimama mbele ya waandishi wa habari na kusema mishahara inakula mapato yote, na atakuwa anasema kweli, ila ataacha kusema kilichopungua ni nini.

Katika shirika la reli gharama nyingi hazipungui mzigo unapopungua. Njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu uleule, ipite treni moja au kumi. Genge la Saranda lazima liwepo, na mkuu wa stesheni ya Itigi lazima awepo. Dawa ya gharama za namna hiyo ni kuongeza tani zinazopita juu ya reli, na tani haziongezeki bila vichwa vya treni vinavyotembea. Aliyepaswa kuvileta vichwa hivyo hakuwa fundi wa karakana ya Morogoro wala karani wa tiketi wa Manyoni.

Na walichodai wafanyakazi kilikuwa nini? Kiini cha mgogoro kilikuwa kima cha chini cha mshahara na utekelezaji wa makubaliano ambayo menejimenti yenyewe ilikuwa imeyatia saini. Mwajiri anayeahidi kwa maandishi kisha akashindwa kutimiza amejitengenezea mgogoro yeye mwenyewe.

Hoja ya tatu: "Wafanyakazi walikuwa wengi mno."

Kwa enzi za TRC ya zamani, sikatai kwamba mashirika ya umma yalibeba watu kupita kazi iliyokuwepo. Lakini dawa hiyo ilikwishanywewa. Maelfu ya wafanyakazi wa reli walipunguzwa katika maandalizi ya ubinafsishaji. Magenge yalipunguzwa, stesheni ndogo zikabaki na mtu mmoja au bila mtu kabisa.

Kama wingi wa watu ndio uliokuwa ukiizamisha reli, basi baada ya kuwaondoa ilipaswa kuelea. Badala yake ilizidi kuzama. Kuwapunguza wanagenge bila kuibadilisha njia maana yake ni majani kuota katikati ya reli, kokoto kusombwa na maji, na treni kuamriwa kutambaa pale ilipokuwa ikikimbia. Treni ikitambaa, behewa linachelewa kurudi bandarini, na behewa lililokuwa likifanya safari nyingi kwa mwaka linafanya chache.

Hoja ya nne: "Wafanyakazi wetu hawana nidhamu, hata aje nani hawatengenezeki."

Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inatolewa na Watanzania dhidi ya Watanzania, na haina ushahidi. Ubishi huuhuu umewahi kufanyika Marekani kuhusu kampuni kubwa ya magari ya General Motors, ambayo Juni 2009 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Huko nako wengi walikinyooshea kidole chama cha wafanyakazi wa magari, UAW.

Lakini kampuni hiyohiyo ilikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichosifika kwa utoro, ugomvi na magari mabovu, na mwaka 1982 ikakifunga. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Walioajiriwa wengi wao walikuwa walewale wa zamani, na chama chao kilikuwa kilekile UAW. Kilichobadilika ni uongozi na utaratibu wa kazi: mfanyakazi alipewa ruhusa ya kusimamisha mstari wa uzalishaji akiona kasoro, na maoni yake yakawa yanasikilizwa. Baada ya muda mfupi kiwanda kile kikawa kinatoa magari yenye ubora wa juu kuliko viwanda vingi vya kampuni hiyo, na utoro ukashuka sana. Watu walewale, chini ya uongozi mwingine, walizaa matunda mengine.

Sisi hatuna haja ya kwenda California kuona mfano. Mvua za mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 ziliifumua njia kati ya Kilosa na Gulwe, madaraja na matuta yakasombwa, na Reli ya Kati ikakatika kwa miezi. Walioingia matopeni kuirudisha ni wafanyakazi wa reli bega kwa bega na wahandisi na vikosi vya Serikali. Watu wasio na nidhamu hawafanyi kazi ile.

Hoja ya tano: "Mwekezaji alikuwa mzuri, chama kilimnyima nafasi ya kufanya kazi."

Mwenye asilimia 51 ya hisa ndiye mwenye neno la mwisho katika uendeshaji. RITES ndiyo iliyotoa viongozi wakuu wa kampuni. Ndiyo iliyoamua namna ya kupata mitambo, na njia iliyoichagua ilikuwa kukodi vichwa vya treni na mabehewa ya abiria kutoka India, vifaa vilivyokwishatumika, kwa malipo ya fedha za kigeni. Wafanyakazi walilipinga jambo hilo mapema, wakisema kampuni inabeba deni la kukodi huku vichwa vya hapa nchini vikikaa karakana bila matengenezo. Kwa lugha ya leo tungesema walitoa tahadhari. Haikusikilizwa.

Tena tujiulize yaliyotokea kwa wengine. Msumbiji, mfumo wa reli ya Beira ulikabidhiwa ubia uliokuwa na RITES ndani yake, na huko nako Serikali ilifikia hatua ya kuuvunja mkataba karibu na wakati uleule tulipouvunja wa kwetu. Kenya na Uganda ziliikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, nako kwa miaka 25, chini ya wawekezaji wengine kabisa, kwanza kutoka Afrika Kusini na baadaye Misri. Mwaka 2017 mkataba huo nao ulikuwa umekufa. Hizo ni nchi tofauti, zenye vyama tofauti vya wafanyakazi na sheria tofauti za kazi. TRAWU haikuwa Beira wala Nakuru. Kilichofanana ni aina ya mkataba: mwekezaji mwenye mtaji mdogo kuliko ukubwa wa kazi, njia iliyochakaa ambayo kila upande ulitegemea mwenzake aitengeneze, na Serikali iliyodhani kwamba ikishakabidhi uendeshaji imekwishautua mzigo.

Hoja ya sita: "Basi lawama zote ni za Wahindi."

Hapa nageukia upande wa pili, kwa kuwa uongo unaotupendeza nao ni uongo. Wapo watetezi wa wafanyakazi wanaolimaliza jambo hili kwa kusema wageni walikuja kutuibia. Kauli hiyo inafurahisha mkutano wa hadhara lakini inawaficha wahusika wengi.

Mkataba ulisainiwa na pande mbili. Serikali ndiyo iliyomchagua mbia, ikakubali masharti, na ikabaki na wakurugenzi wake kwenye bodi. Njia yenyewe, madaraja na ardhi vilibaki mikononi mwa kampuni ya umma ya RAHCO, na sehemu kubwa ya reli ilikuwa bado nyepesi, ya ratili 56 kwa yadi, isiyoweza kubeba treni nzito kwa mwendo wa kutosha. Mwekezaji alilalamika kwamba alikabidhiwa vitu vilivyo hoi kuliko alivyotarajia, na katika hilo hakuwa mwongo. Hata baada ya RITES kuondoka, matatizo ya uongozi hayakuondoka nao: mwaka 2015 Waziri wa Uchukuzi Samuel Sitta aliwasimamisha viongozi wa TRL, Watanzania watupu, ili kupisha uchunguzi wa ununuzi wa mabehewa ya mizigo yaliyolalamikiwa ubora wake.

Kwa hiyo ninaposema uongozi ndio uliobeba sehemu kubwa ya kosa, sisemi rangi wala pasipoti ya mtu. Nasema kila aliyekuwa na kalamu ya kuidhinisha fedha, kusaini mkataba, kununua injini na kuamua njia ipi ikarabatiwe na ipi iachwe. Wengine walikaa India, wengine ofisi za Dar es Salaam, wengine wizarani na bungeni.

Tawi la Manyoni kwenda Singida linatufundisha jambo hilo vizuri. Waingereza walilijenga katika miaka ya 1930, wakaling'oa katika miaka ya 1940. Baada ya uhuru lilijengwa upya, kisha kwa miaka mingi likaachwa bila treni, huku vitunguu, alizeti na kuku wa Singida vikisafiri kwa malori. Kulijenga, kuling'oa, kulirudisha na kuliacha ni maamuzi manne, na hakuna hata moja lililofanywa na mfanyakazi wa reli.

Hoja ya saba: "Wafanyakazi wenyewe walikuwa wakiiba dizeli na vipuri."

Aliyeiba ashitakiwe kwa jina lake. Chama cha wafanyakazi hakitunzi ghala, hakikagui hesabu za mafuta na hakiajiri walinzi. Wizi ukiwa wa mtu mmoja, huo ni uhalifu wake. Ukiwa desturi ya miaka, huo ni ushahidi kwamba usimamizi haukuwepo.

Hoja ya nane: "Hakuna wa kulaumiwa, malori yameishinda reli."

Ni kweli barabara ilibadilisha mambo. Lami ilipokamilika kutoka Dodoma kupitia Manyoni hadi Singida na kuteremka Sekenke kuelekea Nzega, mzigo wa Mwanza, Rwanda na Burundi ulipata njia ambayo haikuwepo zamani. Lori linauchukua mzigo bandarini na kuufikisha mlangoni, na hakuna reli inayoweza kufanya hivyo.

Lakini safari ndefu yenye mzigo mzito ndiyo mahali pa reli duniani kote. Jasi ya Itigi, saruji, mafuta, mbolea, nafaka na makontena ya nchi jirani ni mizigo ya behewa. Wenye mizigo waliukimbia usafiri wa reli kwa sababu hawakuwa na uhakika wa siku ya kufika. Serikali ilipobadilisha reli kati ya Kitaraka na Malongwe, kilomita 89, kwa kuweka ya ratili 80, na ilipoleta vichwa vipya, mizigo ilianza kurudi taratibu. Haikuhitajika kwanza kuvunja chama cha wafanyakazi.

Sehemu ya chama

Chama nacho kina deni lake. Mgomo unaomwacha mama mjamzito au mgonjwa njiani, katikati ya nyika, bila maji wala taarifa, hauna utetezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka hatua: mgogoro upelekwe kwenye usuluhishi, wanachama wapige kura, na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kila hatua iliyorukwa iliwapa wapinzani wa wafanyakazi silaha. Pia viongozi wa vyama wamezoea kudai mshahara na kunyamaza kuhusu njia, injini na mikataba, wakati hayo ndiyo yanayoamua kama mshahara utakuwepo mwaka ujao.

Hata hivyo makosa hayo hayalingani na yale ya wenye kalamu. Ni kama mwenye mashine ya kukamua alizeti pale Iramba ambaye kwa misimu mitatu hakununua kipuri, akakopa mashine chakavu, akakosana na wakulima, kisha akasema biashara imekufa kwa sababu mwendesha mashine alidai ujira wake wa mwezi uliopita.

Tunachopaswa kudai

Nyika ya Manyoni imepata reli ya pili baada ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya fedha zake ni mkopo utakaolipwa na wajukuu zetu. Tukiamini kwamba ile ya kwanza iliangushwa na mgomo, tutaweka nguvu zote kuwanyamazisha mafundi na madereva wa treni, na tutawaacha bila kuulizwa wale wanaosaini.

Nadai mambo matatu. Mikataba ya uendeshaji na ununuzi wa mitambo iwekwe wazi bungeni kabla ya kusainiwa, badala ya kujadiliwa baada ya kuharibika. Shirika la Reli litangaze kila mwaka tani zilizobebwa, idadi ya vichwa vinavyotembea na vilivyolala, na fedha zilizotumika kutunza njia, ili mwananchi wa Itigi aone kushuka kunapoanza, asisubiri hadi mishahara ikose. Na wafanyakazi wapewe kiti chenye sauti kwenye bodi, kwa sababu anayeitembea njia kila asubuhi huona ufa wa reli miezi mingi kabla ya taarifa kufika mezani kwa mkurugenzi.

Wazee wa reli wa Saranda, Manyoni na Itigi hawahitaji kuombewa huruma. Wanastahili historia yao iandikwe kama ilivyotokea: kwamba waliitunza njia kwa mikono yao huku maamuzi mabaya yakifanywa mbali nao, na kwamba walipopaza sauti, walikuwa wakisema jambo ambalo Serikali yenyewe ilikuja kulikubali mwaka 2011 ilipozichukua tena hisa zote.